Kabla ya kuuliza gari lina kasi gani, uliza lina mzigo gani

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni dereva wa trela, napita Malaba kuja Kampala karibu kila wiki, na tukiwa kwenye foleni tunatazama Formula 1 kwenye simu. Majuzi tanboi wangu aliona gari fulani limeongoza mazoezi ya Ijumaa yote mawili, akaliwekea dau la shilingi 50,000. Jumapili likamaliza la sita, mtangazaji anasema tairi zimekwisha. Tairi gani hizo zinakwisha kwa dakika arobaini? Zangu zinakwenda Mombasa na kurudi miezi na miezi. Hayo mazoezi yana maana yoyote au wanatuchezea? Na hapa kwetu kwenye rali mambo ni hayo hayo? Halafu, samahani kwa kuchanganya, tairi yangu ya mbele kushoto inaliwa upande wa ndani peke yake. Nifanyeje?"

Marahaba, ndugu yangu. Mpe pole tanboi wako, ila mwambie hakuna aliyemdanganya. Aliitazama saa akasahau kuuliza mzigo.

Na wewe unalijua jambo hili kuliko mimi. Mtu akikaa pale Naluwerere na sahani yake ya nyama, akajigamba kwamba jana alitoka Malaba mpaka daraja la Jinja kwa saa mbili, hutampigia makofi. Utamwuliza: ulikuwa umepakia au ulikuwa mtupu? Ulipita saa ngapi? Mizani ya Magamaga ilikuwa na foleni? Akishajibu ndipo utajua kama ni dereva au ni mdomo. Sasa ile orodha ya mazoezi ya Ijumaa inakuletea kila dereva na muda wake, lakini mzigo haiutaji. Na mzigo wa gari la Formula 1 ni petroli.

Kuanzia msimu wa 2019 hadi 2025, kanuni zilimruhusu dereva kutumia petroli isiyozidi kilo 110 kwa shindano zima, na njiani hakuna kujaza. Hilo lilikatazwa tangu 2010. Hesabu ya mafundi ni kwamba kila kilo 10 za petroli humchelewesha dereva kwa karibu sehemu tatu za kumi za sekunde kila mzunguko. Hubadilika kidogo kulingana na urefu wa njia, lakini ishike hivyo. Maana yake gari likiwa limejaa tangi, na gari hilo hilo likiwa na mafuta ya kulowesha kidole tu, hutofautiana kwa sekunde tatu na ushei. Kwenye orodha ya Ijumaa, kati ya wa kwanza na wa kumi mara nyingi haifiki hata sekunde moja.

Na siku ya Ijumaa hakuna anayelazimika kumtangazia mtu ameweka kilo ngapi. Huyu ana 20, yule ana 60. Huyu injini ameifungulia yote, yule ameibana isichoke mapema. Mwingine amefunga vyuma vya kupimia upepo ubavuni mwa gari, kama kitanda kilichosimamishwa, wala hana habari na saa. Ijumaa nyingine gari anapewa chipukizi ajifunze, kwa kuwa kanuni zinataka hivyo mara kadhaa kwa msimu. Wote hao orodha inawapanga kwenye safu moja kama wanafunzi waliofanya mtihani mmoja.

Mwaka 2019, katika majaribio ya kabla ya msimu kule Barcelona, Sebastian Vettel wa Ferrari alipata muda bora kuliko wote, dakika 1 na sekunde 16.221. Lewis Hamilton wa Mercedes alipata 16.224. Watu wengi, na mimi nikiwamo, tukaapa kwamba mwaka huo ni wa Ferrari. Msimu ulipoanza, Mercedes ilishinda mashindano manane ya kwanza mfululizo. Kwa hiyo tanboi wako asijione mjinga. Yuko na wenzake wengi, wengine wanalipwa kwa kazi hiyo hiyo ya kubashiri.

Lakini usiitupe Ijumaa. Mimi naitazama kuliko Jumapili, mpaka nyumbani wananicheka. Jambo ni kujua kipande cha kutazama.

Mazoezi ya pili huchukua dakika 60. Nusu ya kwanza wanafunga tairi laini, wanapunguza mafuta, wanapiga mzunguko mmoja wa nguvu. Huo ndio unaoingia kwenye orodha, na ndio uliomchoma tanboi. Dakika ishirini hivi za mwisho, watu wengi wakiwa wameshazima simu, magari yanajazwa mafuta ya kutosha na kutoka kwenda mizunguko minane, kumi, hata kumi na miwili bila kusimama. Orodha haibadiliki hata kidogo kwa sababu hakuna anayeweka muda mpya wa kasi. Hapo ndipo mimi huchukua kalamu.

Nikupe mfano wa kubuni, uone kalamu inafanya nini. Gari la kwanza linaanza mwendo mrefu kwa dakika 1 na sekunde 35.0, na kila mzunguko linapoteza sekunde 0.12. Gari la pili linaanza kwa 35.4, linapoteza 0.06. Mtazamaji wa haraka atasema la kwanza ndilo gari, limemshinda mwenzake kwa sehemu nne nzima za kumi. Sasa hesabu. Mzunguko wa nane wanakuwa sawasawa, la kwanza 35.84, la pili 35.82. Bado la kwanza liko mbele barabarani kwa akiba ya mwanzo, sekunde moja na nusu. Mzunguko wa kumi na tano akiba imekwisha, la pili limekwishatangulia kwa sekunde 0.3. Mzunguko wa ishirini ni sekunde 3.4. Na yule wa kwanza yuko kwenye redio akilia tairi zinateleza.

Kwa hiyo ninachotafuta ni ukubwa wa kuporomoka, kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Kasi ya juu kabisa inakuja baadaye.

Kuna mtego mmoja hapo, nao wengi hunaswa. Gari linapokwenda linachoma petroli, linapungua uzito. Shindano la mizunguko 57 kwa kilo 110 ni karibu kilo 2 kila mzunguko, yaani gari linajipatia sekunde 0.06 za bure kila likizunguka. Ukiona dereva anaandika muda ule ule, ule ule, mizunguko kumi, usiseme tairi zake hazichoki. Zinachoka kwa 0.06, ila petroli inazifichia aibu. Tairi ambayo kweli haichoki, muda wake unapungua. Ni kama wewe ungekuwa unashusha gunia moja kila kilomita kumi: ukifika Lugazi unakwenda mwendo ule ule ulioondoka nao Malaba, basi kuna kitu kimechoka mahali.

Na ujue wanalinganisha tairi ipi na ipi. Rangi ya ubavuni inakwambia: nyeupe ni ngumu, njano ni ya kati, nyekundu ni laini. Ila rangi ni cheo cha wiki hiyo tu. Pirelli wana aina za mpira kuanzia C1, ngumu kuliko zote, hadi C5, na msimu wa 2025 kulikuwa na C6 pia. Kila shindano wanachagua tatu. Mpira uliokuwa wa njano wiki iliyopita unaweza kuja na nyeupe wiki hii.

Ulitaka kujua tairi gani zinakwisha kwa dakika arobaini. Jibu ni kwamba yako imeundwa idumu, yao imeundwa ikwishe. Sifanyi mzaha. Mwaka 2010 kule Montreal, Kanada, tairi za Bridgestone zilichoka haraka kuliko ilivyotarajiwa, magari yakawa yanaingia kubadili mara kwa mara, mbio zikawa tamu. Pirelli walipopewa kazi ya kuwauzia wote kuanzia 2011, waliombwa watengeneze tairi zitakazoleta utamu wa namna ile. Wakatii.

Mpira wenyewe ni laini mno, tena una kiwango chake cha joto. Unafanya kazi ukiwa karibu nyuzi 100, ndiyo maana unaona tairi zinavikwa mablanketi ya umeme kabla ya gari kutoka. Ikiwa baridi, inateleza kama sabuni. Ikizidi moto, inateleza pia, na inakufa. Yako unaijaza upepo wa 110 au 120 ibebe tani. Yao ni ishirini na kitu, kwa sababu kazi yake ni kulala kwenye lami na kuing'ang'ania. Kitu kinachong'ang'ania lami kwa nguvu hiyo lazima kiache ngozi.

Na inakufa kwa namna tofauti, ndugu yangu, si moja. Hapa mtangazaji anaposema "zimekwisha" anakuibia elimu.

Namna ya kwanza ni kuliwa kwa kawaida, mpira unapungua unene mpaka karibu na nyuzi za ndani ya tairi. Hiyo unaijua.

Ya pili ni joto. Mpira bado upo, nene kabisa, lakini umepikwa na kupoa na kupikwa tena mpaka umekuwa kama kandambili ya zamani. Unaonekana mzima lakini haushiki. Magari mengi unayosikia tairi zake zimekwisha, zimekwisha hivi.

Ya tatu ni ile ya kuota chembe. Umewahi kula posho, ukakawia kunawa, ikakaukia viganjani? Ukisugua mikono inajikunja vijinyuzi vidogo vidogo. Tairi hufanya hivyo hivyo likiwa halijapata joto la kutosha huku linaburuzwa kwenye kona: uso wa juu unachanika na kujikunja, gari linakuwa linatembea juu ya chembe badala ya mpira. Ajabu yake ni kwamba ikivumiliwa, chembe husuguliwa zikaisha na muda ukarudi kuwa mzuri. Kwa hiyo ukiona Ijumaa dereva anaporomoka mizunguko mitano kisha anapanda tena, usimfute kwenye hesabu zako. Jumapili njia itakuwa imepakwa mpira na magari mengine, itashika zaidi, na chembe hizo huenda zisionekane kabisa.

Ya nne ni malengelenge. Joto linatoka ndani, mpira unachemka kutoka chini, uso unavimba na kupasuka vidonda. Hayo hayaponi.

Mfano mzuri wa kuliwa na wa malengelenge ni Silverstone, Uingereza, Agosti 2020. Walikimbia hapo mara mbili ndani ya wiki moja, jambo la nadra, kwa hiyo ni kama Mungu alitufanyia majaribio. Tarehe 2 gari la usalama, lile linalotangulia na kuwapunguza wote mwendo njia ikiwa na hatari, liliingia mapema, karibu wote wakabadili tairi wakati huo, kisha wakajaribu kwenda nazo mpaka mwisho, karibu mizunguko arobaini. Mizunguko ya mwisho mwisho Valtteri Bottas akapasukiwa, Carlos Sainz akapasukiwa, na Hamilton akapasukiwa kwenye mzunguko wa mwisho kabisa akavuka mstari wa ushindi kwa tairi tatu. Zote tatu zilizopasuka ni za mbele kushoto. Tazama ramani ya Silverstone utaelewa: kona kali za kasi zinakata kulia, na gari likikata kulia uzito wote hulalia kushoto. Ukiwa na trela unalisikia hilo kwenye kila mzunguko wa barabara.

Tarehe 9 wakarudi, na Pirelli wakaleta mpira laini zaidi kwa daraja moja. Mercedes walikuwa mbele mazoezini na mbele kwenye kufuzu, yaani kupanga nafasi za kuanzia, Bottas wa kwanza, Hamilton wa pili. Max Verstappen wa Red Bull alianza wa nne, na kati ya kumi wa mbele ni yeye peke yake aliyeanza na tairi ngumu. Tairi za Mercedes zikatoka malengelenge mapema, wakaingia kubadili. Yeye akaendelea na ngumu zake karibu mara mbili ya mizunguko yao, tena kwa kasi, akashinda. Mercedes ndilo gari lenye nguvu kuliko yote mwaka ule. Siku hiyo nguvu yenyewe ndiyo iliyowapikia tairi.

Kitu kingine cha kuuliza ni saa. Kule Bahrain kwa miaka mingi mazoezi ya kwanza yamefanyika mchana jua likiwaka, na ya pili usiku, saa ile ile ya shindano. Lami ya pale ni kama tupa ya kunolea panga, inakula tairi za nyuma. Aliyeongoza mchana ameongoza kwenye jua ambalo shindano halitaliona. Kama una bando la kutazama mazoezi moja tu, tazama yanayofanana saa na shindano. Mara nyingi ni ya pili.

Na ukiona dereva hajagusa tairi ngumu Ijumaa nzima, usidhani amesahau. Katika wikendi ya kawaida kila dereva anapewa seti 13 za tairi za njia kavu, na baada ya kila mazoezi anarudisha mbili. Mwenye akili anahesabu: seti mbili mpya za tairi ngumu Jumapili zina thamani kuliko kuujua ukweli wake Ijumaa.

Sasa nije kwetu, maana hapa ndipo nilipojifunzia, na ndipo nilipoaibikia.

Rali haina mazoezi kama yale. Tangu Charles Muhangi alete ubingwa wa Afrika nyumbani mwaka 1999, kila kijana wa Kampala mwenye Subaru ya mtumba anafanya mazoezi yake barabara ya Entebbe usiku, lakini hayo ni mambo ya trafiki. Mazoezi halali ni mawili. Kwanza dereva na msomaji wake wanapita njia polepole wakiandika kona. Halafu kuna majaribio mafupi ya kasi, kilomita chache tu, yanayoitwa shekidauni. Watu wanajazana, muda unapimwa, na jioni mji mzima unajua nani ameongoza.

Mwaka mmoja nilikuwa fundi tairi wa timu ndogo, kwenye mashamba ya miwa upande wa Jinja. Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi moramu ilikuwa imeshikana vizuri, nyekundu, yenye unyevu, haina vumbi. Tukafunga tairi laini. Dereva wetu akaongoza daraja lake kwa tofauti kubwa, tukanunua rolex za mayai mawili mawili, tukala tukicheka.

Mimi kazi yangu tairi ikitoka njiani ni kuweka kiganja kabla ya kipimo chochote. Unapitisha kutoka nje kwenda ndani, halafu kinyume chake. Kisha nachoma kipimajoto cha sindano sehemu tatu, ukingo wa ndani, katikati, ukingo wa nje. Katikati ikiwa moto kuliko kando, upepo umezidi. Kando zikiwa moto kuliko katikati, upepo umepungua. Siku ile joto lilikuwa sawa kote. Lakini kiganja kiliniambia kitu: vijiti vya mpira kwenye tairi za nyuma vilikuwa vimemeguka pembeni, vidogo vidogo, kama kucha zilizotafunwa. Nikaona. Nikajiambia ni mawe tu, na rolex ilikuwa inapoa.

Kesho yake jua likatoka. Kufikia saa nne moramu ilikuwa imekauka, na magari yaliyotangulia yakafagia changarawe yote ya juu, yakabakiza ule mwamba wa chini wenye chuma chuma. Mpira laini juu ya kitu kile ni siagi juu ya grata. Sehemu ya tatu dereva wetu alifika na tairi za nyuma vipara kabisa, na moja ikiwa na jiwe limeingia ndani hadi kwenye nyuzi. Akatumia ya akiba, akaenda kwa woga siku iliyobaki. Ushindi ukaenda kwa mtu aliyekuwa wa tano kwenye shekidauni kwa sababu alifunga tairi ngumu akawa anateleza kila kona, na sisi tukamcheka. Kosa lilikuwa langu, dereva hakunisema, na hilo liliniuma zaidi.

Tangu siku hiyo, shekidauni ikiisha siulizi muda wa mtu yeyote. Nazunguka naangalia tairi za wenzangu. Hakuna anayezifunika.

Ziko siku mazoezi husema kitu kikubwa kuliko nani atashinda. Indianapolis, Marekani, 2005: Ijumaa mazoezini tairi ya Michelin ya Ralf Schumacher ilifeli kwenye kona namba 13, ile iliyoinuliwa upande, akagonga ukuta. Walipochunguza wakaona tairi zao hazitaistahimili kona ile kwa shindano zima, na mwaka huo hapakuwa na ruhusa ya kubadili tairi katikati. Jumapili magari 14 ya Michelin yalizunguka mara moja, yakaingia ndani, yakazima. Yakakimbia sita. Kule Qatar 2023, baada ya Ijumaa Pirelli walikuta mipasuko midogo kwenye ubavu wa tairi kwa sababu ya kugonga kingo za njia. Wakaamriwa wote wasizidishe mizunguko 18 kwa seti moja. Shindano la mizunguko 57, kila mtu akalazimika kubadili mara tatu. Ukiwa na hesabu zako za kuporomoka mkononi siku kama hiyo, zitupe, maana hakuna tairi itakayoishi hadi kuchoka.

Tanboi akitaka tena kuweka dau, hilo ni la kwake na mfuko wake. Ila aandike vitu vinne pembeni ya kila muda: rangi ya tairi, imekwenda mizunguko mingapi, saa ngapi, na muda uliofuata baada ya huo. Petroli hataijua, lakini mizunguko kumi mfululizo itamnong'oneza.

Sasa tairi yako. Kuliwa ndani kwa upande mmoja tu sipendi kabisa. Kama zingekuwa zimeliwa ndani zote mbili za mbele, ningesema magurudumu yametazama nje, nenda alaimenti. Pitisha kiganja kama nilivyoeleza: ikiwa laini ukienda na misumeno ukirudi, hiyo ni alaimenti. Lakini moja peke yake, mara nyingi kuna kitu kimelegea.

Egesha mahali tambarare, weka mawe nyuma ya magurudumu, piga jeki upande wa kushoto, na chini ya ekseli weka stendi. Jeki peke yake usiiamini. Shika tairi mkono mmoja juu, mmoja chini, utikise kwa nguvu. Tumia mtaimbo chini yake ikiwa nzito. Ikicheza, mwambie tanboi apande akanyage breki aishikilie, kisha tikisa tena. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni kingipini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia, imekwisha. Ikiwa haichezi kabisa, ekseli huenda imepinda, na hilo linataka fundi mwenye vipimo. Fanya kabla hujapakia tena kurudi Mombasa, na usilipe alaimenti kabla ya kubadilisha kilicholegea, maana wataipima leo na kesho kutwa itakuwa imehama.